Ugomvi wa Zamu ya Pampu: Uliza Mtu Anaogopa Nini

Leo tuache mbolea na viwavi. Tuongelee kitu kinachoweza kuua mradi wa kikundi hata maji yakiwepo: ugomvi wa wanachama.

Kuna kikundi ninachokihudumia, wana pampu moja ya petroli na kila mtu ana siku yake ya zamu. Kiangazi kilichopita nusu yao walilima vitunguu, nusu nyanya. Nyanya zilipotoa maua, wenye nyanya wakaomba waongezewe siku. Wa vitunguu wakakataa katakata. Wawili wakakunjana mashati mbele ya mweka hazina, na mama mmoja akasema anataka hisa zake, pampu iuzwe wagawane.

Mimi nilianza vibaya. Niliitisha mkutano nikauliza, "Nani mwenye makosa?" Sasa bwana, hapo nilitia petroli kwenye moto. Yakafukuliwa mpaka ya mwaka juzi.

Kesho yake nikabadili swali. Nikawafuata mmoja mmoja shambani: "Ukikosa maji siku hiyo, unaogopa nini?" Wa nyanya wakasema maua yakipukutika, ada ya shule imekwenda. Mzee mmoja wa vitunguu akaniambia, "Bwana shamba, maji yenyewe siyahitaji sana. Ila kwetu ukiruka zamu, imekufa. Nikimpa leo, nikihamishia miche mipya nani atanirudishia?"

Kumbe! Vitunguu vyake vilikuwa vimekomaa, majani yameanza kulala. Hapo unatakiwa usimamishe maji, kama wiki mbili kabla ya kuvuna, vikauke vizuri visije kuoza stoo. Yaani alikuwa anamwagilia kulinda haki yake, huku anaharibu mazao yake mwenyewe.

Tukakaa tena chini ya mwembe. Wakakubaliana mambo matatu, katibu akaandika, wote wakasaini:

1. Zamu inakopeshwa, haifi. Mwenyewe akiihitaji, anatoa taarifa siku tatu kabla na anarudishiwa.
2. Anayetumia siku ndiye anayenunua petroli.
3. Wawili wakigombana, wasikilizwe kwanza pembeni na mwanachama asiyehusika, kabla ya mkutano.

Yule mama hakukubali siku hiyo. Alisema karatasi haimwagilii shamba. Alirudi baadaye, alipoona zamu ya kwanza iliyokopwa imelipwa kweli.

Kwa hiyo, kiongozi wa kikundi, ugomvi ukizuka usikimbilie kutafuta mkosaji. Msikilize kila mmoja peke yake, ujue anachoogopa. Kisha itazame kanuni yenu: pengine watu hawana shida, kanuni ndiyo inawagombanisha. Na mkikubaliana, andikeni. Maneno ya mdomoni husahaulika kabla ya palizi ya pili.