Takwimu za Kibara Zinapobadilisha Lugha

Mgonjwa wa malaria anayetibiwa Kibara, wilayani Bunda, mkoani Mara, huandikwa kwa kalamu kwanza. Jina lake linaingia katika Kitabu Namba 5, kile cha wagonjwa wa nje, cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya. Mwisho wa mwezi mhudumu anahesabu mistari, anajaza fomu ya muhtasari, na jumla inaingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta unaokusanya taarifa za afya za nchi nzima. Kuanzia hapo mgonjwa yule amekuwa sehemu ya tarakimu, na tarakimu hiyo ina safari ndefu mbele yake.

DHIS2 ilitokana na kazi iliyoanzia Afrika Kusini katika miaka ya 1990 na kuendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Kwetu Tanzania, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuifanya iendane na MTUHA, na kufikia mwaka 2013 ilikuwa imesambaa mikoa yote. Moyo wake umeandikwa kwa Java. Kurasa anazoziona mhudumu kwenye kivinjari zimeandikwa kwa JavaScript. PostgreSQL, kanzidata inayotunza zile tarakimu, imeandikwa kwa C. Mchambuzi aliyeko Musoma au Dodoma akitaka kujua kama malaria imepanda, anazivuta kwa skripti ya Python, na pengine mwenzake anazichorea grafu kwa R. Lugha tano, na idadi ile ya wagonjwa wa Kibara imepita kwenye zote.

Kwa kawaida hakuna hata moja kati ya lugha hizo inayoweza kusoma kumbukumbu ya mwenzake moja kwa moja. Chukua namba 128. Ndani ya Java inatosha kwenye baiti 4. Python, katika kompyuta nyingi za leo, huijengea namba hiyo kitu kizima cha baiti 28: namba yenyewe, aina yake, na hesabu ya sehemu ngapi za programu zinaitumia. R nayo huiona kama safu yenye kipengele kimoja. Java haiwezi kuchungulia zile baiti 28 ikaelewa kilichomo.

Anayesafiri kwa barabara ya Bunda kwenda Ukerewe anaujua utaratibu: unapita Kibara, unafika Kisorya, na hapo nchi kavu inakwisha. Lazima upande kivuko mpaka Rugezi, kisha uendelee na safari upande wa pili. Data nayo huvuka hivyo. Programu ya kwanza inaivua umbo lake na kuipanga kuwa mfululizo wa baiti, mara nyingi maandishi ya kawaida. Baiti zinavuka kwa njia ya faili, bomba la ndani ya kompyuta au intaneti. Programu ya pili inazisoma na kuzijengea umbo jipya. Makosa karibu yote ninayoyajua katika kazi hii hutokea pale kivukoni, wakati pande zote mbili zimeandikwa vizuri na kila moja inaapa kwamba haina kosa.

Chombo kinachobeba mzigo mwingi zaidi ni faili ya CSV: mistari ya maandishi, mkato ukitenganisha safu. Ilikuwa imetumika kwa miongo kadhaa kabla mtu hajaandika kanuni zake; waraka unaojulikana, RFC 4180, ulitoka mwaka 2005. CSV inabeba herufi tu. Haisemi kama safu ya tatu ni namba, tarehe au jina. Anayepokea anakisia, na programu nyingi hukisia bila kukuuliza. Namba ya simu inayoanza na sifuri inaonekana kama idadi, basi sifuri inaondolewa. Tarehe 03/04/2024, ambayo kwa mtu wa Bunda ni tarehe 3 Aprili, programu iliyopangwa kwa desturi ya Marekani inaisoma kuwa Machi 4. Ubaya zaidi ni kwamba kosa hilo hujificha. Tarehe 25/04 itakataliwa kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, lakini siku 12 za mwanzo wa kila mwezi zitapinduliwa na kupita kimya, isipokuwa ile siku ambayo namba yake ni sawa na ya mwezi.

Lakini mfano ninaotaka kukaa nao ni namba ya kitambulisho cha taifa, ile ya NIDA, kwa sababu ni yetu na inatugusa sote. Ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Tangu usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, wavuvi na wakulima wengi wa Mara wanayo, na inaingizwa kwenye kila orodha: wanachama wa AMCOS (chama cha ushirika) ya pamba, kikundi cha mikopo, wanufaika wa pembejeo.

JavaScript hutunza namba zake za kawaida kwa utaratibu uitwao IEEE 754, uliopitishwa mwaka 1985, wenye biti 53 za usahihi. Maana yake, namba nzima ni salama hadi 9,007,199,254,740,991. Hizo ni tarakimu 16. Juu ya hapo namba zinaanza kurukwa: kompyuta inaishika moja, inaacha inayofuata. Kadiri unavyopanda, ndivyo pengo linavyotanuka. Kwenye eneo la namba za NIDA zinazoanza na 19 au 20, pengo ni 4,096.

Jaribu mwenyewe kwa namba ya kubuni, 12345678901234567890. Python inaiandika yote bila shida, kwa sababu namba nzima za Python hazina kikomo zaidi ya ukubwa wa kumbukumbu. Iweke kama namba kwenye JSON, mtindo wa maandishi wa kubebea data, uisome kwa JavaScript, utapata 12345678901234567000. Ifungue kwenye Excel ikiwa namba, utaona 1.23457E+19, na ukiilazimisha ionyeshe tarakimu zote itakupa 12345678901234500000, kwa kuwa Excel hushika tarakimu 15 tu. Ukihifadhi faili hiyo, zile tano za mwisho zimepotea moja kwa moja. R ya kawaida inakumbwa na tatizo lilelile la JavaScript. Java ukiiambia iisome namba hiyo kwenye aina yake ya msingi ya namba nzima iliyo kubwa kuliko zote inakataa na kutoa kosa, na mimi naona huo ndio uungwana: bora programu isimame kuliko kuendelea na uongo.

Sasa fikiria watu wawili waliozaliwa siku moja, waliosajiliwa karibu karibu, namba zao zikitofautiana kwenye tarakimu tatu za mwisho tu. Baada ya kuvuka wanaweza kuwa mtu mmoja. Skripti inayofuta majina yaliyojirudia itamwondoa mmoja wao kwenye orodha ya pembejeo, na hakuna atakayejua kwa nini. Tiba yake haina gharama. Namba ya NIDA haijumlishwi, haigawanywi, haina wastani. Ni kitambulisho kilichoandikwa kwa tarakimu, basi isafiri kama maandishi, ndani ya alama za kunukuu, na ipokelewe kama maandishi.

DHIS2 imeliona jambo hili mapema. Kila kituo na kila kipengele cha taarifa kina utambulisho wa alama 11, herufi na tarakimu, na ya kwanza kati yake lazima iwe herufi, kwa hiyo hakuna programu itakayoudhania kuwa namba. Mwezi unaandikwa 202403, mwaka kwanza, pasipo nafasi ya kubishana. Hata thamani zenyewe, zinapotumwa kwa JSON, husafiri ndani ya alama za kunukuu, na mpokeaji ndiye anayeamua kuzigeuza kuwa namba akijua anachofanya.

Kuna kosa jingine la kwetu: ritifaa. Wilaya ya Nyang'hwale, mkoani Geita, inaweza kuandikwa kwa ritifaa iliyonyooka au ile iliyopinda ambayo Word huiweka yenyewe. Jicho halioni tofauti. Kwa kompyuta hayo ni majina mawili, na ukiunganisha orodha mbili zilizoandikwa tofauti, wilaya nzima haitapata mwenzake. Ile iliyopinda, kwa mfumo wa UTF-8, ni baiti tatu. Programu inayosoma kwa utaratibu wa zamani wa Windows inazitoa kama herufi tatu za ajabu, nawe unaona Nyangâ€™hwale. Ile iliyonyooka nayo, ikipachikwa ovyo ndani ya amri ya kanzidata, inafunga maneno kabla ya wakati na amri inavunjika. Lugha yenye ng'ombe, ng'ambo na kung'aa haina budi kulijali jambo hili kuliko Kiingereza.

Halafu kuna nafasi tupu. Kituo kilichoandika sifuri kimesema hakikuona mgonjwa. Kituo kisichoandika kitu hakijasema lolote. Huenda ripoti imechelewa, huenda fomu ziliisha. DHIS2 kwa kawaida haitunzi sifuri mpaka iagizwe kufanya hivyo kwa kipengele husika, kwa hiyo mambo hayo mawili yanaweza kufanana kabla hata data haijatoka nje ya mfumo. Ikitoka, mkanganyiko unaongezeka. R huonyesha pengo kwa NA. Pandas, maktaba maarufu ya Python, ikikuta herufi NA inazifanya pengo, na ndivyo Namibia, ambayo alama yake ya kimataifa ni NA, inavyotoweka kwenye jedwali la nchi za SADC. R yenyewe ndani kwa ndani hutunza pengo la namba nzima kama -2147483648. Ukizipeleka baiti zake zilivyo kwa programu isiyojua siri hiyo, kituo kilichochelewesha ripoti kitakuwa na wagonjwa hasi zaidi ya bilioni mbili. Kosa kubwa hivyo angalau linaonekana. Pengo lililogeuzwa sifuri halionekani, na ndilo linalofanya ramani ionyeshe malaria imekwisha mahali ambapo hakuna aliyeripoti.

Asije mtu akadhani haya ni ya nchi zenye vifaa duni. Kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba 2020, Uingereza ilishindwa kuhesabu kwa wakati wagonjwa 15,841 wa UVIKO-19. Maabara zilituma matokeo kwa CSV. Idara ya afya ya umma ikayapokea kwenye faili za Excel za mtindo wa zamani, XLS, ambazo mwisho wake ni mistari 65,536. Iliyozidi ilidondoka. Watu waliokaa karibu na wagonjwa hao wakachelewa kutafutwa. Mwaka huohuo kamati ya kimataifa ya majina ya jeni za binadamu ilieleza kwamba imebadilisha majina ya jeni kadhaa, miongoni mwao MARCH1 na SEPT1, kwa sababu Excel ilikuwa ikiyageuza kuwa tarehe. Wanasayansi walibadilisha majina ya vitu vya asili kwa ajili ya programu ya kompyuta. Mimi jambo hilo linanisikitisha, ingawa naelewa kwa nini walichoka.

Njia zenyewe za kuvusha si nyingi. Skripti mbili zikiwa kwenye kompyuta moja, bomba linatosha. Ni uvumbuzi wa Bell Labs, uliotetewa na Douglas McIlroy na kuingizwa kwenye Unix na Ken Thompson mwaka 1973:

python3 safisha.py | Rscript chora.R

Kinachochapishwa na ya kwanza kinakuwa chakula cha ya pili. Sharti lake ni moja: skripti ya kwanza isichapishe porojo. Ukiweka neno "Naanza kazi..." kwenye njia ileile ya data, R italipokea kama mstari wa takwimu. Maneno ya aina hiyo yana njia yake, ya makosa. Kwa data yenye ngazi, JSON ni nzuri, na kila mstari ukiwa rekodi kamili inasomeka hata faili ikikatika katikati kwa umeme kuzimika:

{"kituo": "Kibara", "mwezi": "2024-03", "wagonjwa": 128, "nida": null}

Hapo mwezi ni maandishi, 128 ni namba, na null inasema wazi kwamba hakuna kitu. CSV haiwezi kusema hivyo. Data ikiwa kubwa, mamilioni ya mistari, kuandika na kusoma maandishi kunakula muda kuliko hesabu yenyewe. Mwaka 2016 ulizinduliwa mradi wa Apache Arrow, unaopanga safu kwenye kumbukumbu kwa mtindo mmoja unaoeleweka na Python, R, Java na nyingine, zikiwa na aina zake na alama ya mapengo. Wes McKinney wa upande wa Python na Hadley Wickham wa upande wa R walishirikiana mwaka huo kutoa Feather, faili iliyojengwa juu ya msingi huo. Kwa takwimu za mwezi za wilaya moja, hata hivyo, JSON au CSV iliyoandikwa kwa uangalifu inatosha kabisa.

Vijana wengi wa Musoma, Bunda na Butiama sasa wanaandika skripti, wengine wamejifunza wenyewe kwa bando la simu. Ombi langu kwao halihusu lugha ipi ni bora. Kabla ya kutuma faili, andikeni ukurasa mmoja unaosema kila safu ni nini, kipimo chake ni kilo au gunia, na pengo linaandikwaje. Hesabuni mistari iliyotoka na iliyofika. Na kama orodha ya AMCOS yenu iko kwenye Excel, ifungueni leo mtazame safu ya NIDA: namba zikiwa zinaishia na sifuri tano, rudini kwenye daftari la karatasi kabla halijapotea.