Je, Wajua? Oili ya Gari Yaweza Kuponza Klachi ya Bodaboda

Je, wajua kwamba pleti za klachi za bodaboda nyingi, kuanzia Mtwapa hadi Mambrui, huoga katika oili ileile inayolainisha injini na gia? Baadhi ya oili za magari madogo zina kemikali za kupunguza msuguano, na klachi haishiki bila msuguano. Umebeba abiria na gunia la nazi, injini inanguruma lakini mwendo hauongezeki: klachi inateleza. Mwaka 1998 Wajapani waliweka kipimo cha oili za pikipiki, kiitwacho JASO. Soma chupa kabla ya kulipa, utafute JASO MA au MA2. JASO MB haifai klachi inayooga katika oili. Kuhusu unene wa oili, kwa mfano 20W-50, fuata kitabu cha pikipiki yako. Oili si chanzo pekee cha matatizo: gia zikigoma, kagua pia kebo ya klachi.