Kigali na Ughali wa Kununua Kidogo Kidogo

Malalamiko ya bei jijini Kigali yana watuhumiwa wake wa kawaida. Bando likiisha kabla ya jioni, inalaumiwa kampuni ya simu. Gemu mpya ikitangazwa kwa dola 70, analaumiwa Sony au Electronic Arts, na huduma ya filamu au muziki ikipanda bei, anasemwa Mmarekani na tamaa yake. Kwamba vitu hivi ni ghali hakuna ubishi. Pato la Mnyarwanda wa kawaida, kwa hesabu za Benki ya Dunia, linazunguka dola 1,000 kwa mwaka, na hiyo ina maana kwamba gemu moja ya dola 70 inameza pato la wiki tatu na ushee. Ninachobishia ni orodha ya watuhumiwa. Sehemu kubwa ya ughali wa burudani na huduma za mtandaoni Kigali haitoki kwa aliyetengeneza bidhaa, bali kwenye namna bidhaa inavyokatwa vipande na kulipiwa, na mwenye kipato kidogo ndiye anayelazimika kununua vipande vidogo kuliko wote.

Ushahidi ulio karibu zaidi umo ndani ya simu ya kila mtu. Kwa viwango vya MTN MoMo, huduma ya kutuma fedha kwa simu, vilivyoanza kutumika 2020, baada ya msamaha wa miezi ya Uviko-19 kumalizika, anayemtumia mwenzake hadi faranga 1,000 hukatwa 20. Kutoka 1,001 hadi 10,000 hukatwa 100. Na kutoka 10,001 hadi 150,000 hukatwa 250. Ukizigeuza hesabu hizo kuwa asilimia, picha inabadilika. Kijana anayemtumia rafiki yake faranga 2,000 za mchango wa bando amelipa asilimia 5 ya fedha yenyewe, ilhali anayetuma kodi ya nyumba ya 150,000 hajafikisha hata robo ya asilimia moja. Kulipa dukani kwa MoMoPay ni nafuu zaidi, kwa kuwa mlipaji hakatwi kitu na anayekatwa ni mwenye duka. Lakini maisha ya vijana wa Kigali yanaendeshwa kwa kuchangiana na kukopeshana, na huko makato hayakwepeki. Bando la siku lina mtindo huohuo, tena likiwa na adhabu ya ziada: kisichotumika ndani ya saa 24 kinakufa. Anayelipia intaneti ya nyaya nyumbani kwa mwezi, bila kikomo, hajui hasara hiyo.

Hapo ndipo vyumba vya gemu vya mitaa ya Nyamirambo, Remera na Kimironko vinapostahili kutazamwa kama biashara, badala ya kuonwa kama mahali pa watoto watoro. Mwenye chumba hununua mashine moja, diski chache na pedi, kisha anauza kitu ambacho mtengenezaji hakukifikiria: mechi moja, au dakika kumi, kwa faranga mia chache. Amefanya kazi ya muuza mafuta ya kupima, anayenunua dumu na kuuza kijiko. Kama ilivyo kwa mafuta, mteja wake analipa zaidi kwa kila kipimo kuliko mwenye dumu, ila dumu lenyewe hana. Kwa bei ya sasa ya dola, gemu ya dola 70 inapita faranga 100,000, kabla hata hujagusa bei ya PlayStation 5, ambayo Sony ilipandisha toleo lake la kawaida huko Marekani kutoka dola 499 hadi 549 Agosti 2025. Wachache mtaani wanaweza kulipa fedha hiyo kwa mkupuo. Wengi wanaweza kuilipa kwa vipande mwaka mzima, na pengine wanalipa zaidi ya hiyo.

Sarafu nayo ina sehemu yake, na hii husahaulika kwa sababu haionekani kwenye tangazo la bei. Faranga ya Rwanda ilishuka dhidi ya dola kwa zaidi ya asilimia 18 mwaka 2023, kisha ikashuka tena kwa zaidi ya asilimia 9 mwaka 2024. Huduma ya dola 10 iliyokuwa takriban faranga 10,700 mwishoni mwa 2022 ilikaribia 13,900 miaka miwili baadaye, bila muuzaji kupandisha hata senti moja. Aliyelalamika kwamba huduma imepanda alikuwa sahihi kuhusu mfuko wake na amekosea kuhusu mkosaji. Wauzaji hata hivyo hawana mikono safi kabisa. Novemba 2023 Steam, duka la gemu za kompyuta, lilianzisha kundi la bei za dola zilizopunguzwa kwa Amerika ya Kilatini na jingine kwa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, ili watunga bei waweze kuwauzia watu wa Misri au Moroko kwa unafuu. Afrika kusini mwa Sahara haikuwekewa kundi lake. Mnunuzi wa Kigali anaonyeshwa bei ileile ya mnunuzi wa Chicago. Kwenye duka la PlayStation hali ni ya ajabu zaidi, kwani Rwanda haimo katika orodha ya nchi ambamo akaunti inaweza kufunguliwa. Mchezaji hujiandikisha kana kwamba anaishi nchi nyingine, na kadi ya benki yake ya Kigali mara nyingi hukataliwa.

Watu watasema soko la Rwanda ni dogo mno, na kampuni kubwa haiwezi kuhangaika na faranga. Udogo ni wa kweli, lakini hautoshi kuwa sababu. Januari 2024 mfuko wa uwekezaji wa Sony uliweka fedha katika Carry1st, kampuni ya Cape Town inayouza gemu na salio la gemu barani kwa njia za malipo ambazo Waafrika tayari wanazo. Safaricom na Visa walizindua kadi ya mtandaoni ya M-Pesa mwaka 2022, na Mkenya asiye na akaunti ya benki akapata namna ya kulipa ng'ambo. Kinachohitajika ni mtu wa kati anayekusanya malipo madogo ya nchi nyingi, na kazi hiyo imeshaanza kufanyika.

Pingamizi zito zaidi ni lile linalosema bei ni bei, na kwamba ushindani tu ndio utakaoishusha. Historia ya intaneti ya Rwanda inalijibu kwa kulikubali nusu. Mwaka 2013 serikali iliingia ubia na Korea Telecom, na Novemba 2014 kampuni ya ubia huo, KT Rwanda Networks, ikazindua 4G kama muuzaji pekee wa jumla, huku kampuni za simu za MTN na Airtel zikilazimika kununua kwake. Mtandao ulienea karibu nchi nzima, mafanikio ambayo majirani waliyaonea wivu. Wateja hawakuufuata, na wengi wakabaki kwenye 3G. Mambo yalibadilika sera ilipofungua mlango, na MTN ikawasha 4G yake Julai 2023. Ushindani ulifanya kazi, basi. Lakini uliwashindanisha wauzaji katika kutoa vifurushi vingi vidogo vyenye masharti tofauti, na mteja anayetaka kujua gigabaiti moja inamgharimu kiasi gani anahitaji kikokotoo.

Wengine watanyoosha kidole kwa kodi. VAT ya asilimia 18 ipo, ushuru wa muda wa maongezi upo, na mwaka 2025 simu za mkononi ziliondolewa msamaha wa VAT uliokuwa umedumu miaka mingi. Hilo la simu linastahili lawama, hasa kwa nchi iliyokuwa ikisambaza simu za 4G kwa faranga 20,000 chini ya mpango wa ConnectRwanda. Kodi ya asilimia, hata hivyo, inamgusa mwenye bando la siku na mwenye bando la mwezi kwa kiwango kimoja. Haielezi kwa nini wa kwanza analipa zaidi kwa kipimo kilekile. Na wanaosema gemu ni anasa, acha mtu asiyemudu asicheze, nadhani hawajaangalia nini kingine kinauzwa kwa utaratibu huu: masomo ya mtandaoni, maombi ya kazi, vyeti vya serikali vinavyoombwa kwenye tovuti ya Irembo. Vyote vinapita kwenye bando lilelile na MoMo ileile. Gemu za bure kama eFootball na Free Fire hazimwokoi mtu pia, maana bure yao huanza baada ya kupakua faili kubwa na kuendelea kula data kila wiki.

RURA, chombo cha serikali kinachodhibiti kampuni za simu, ina mamlaka ya kulazimisha kila bando litangazwe na bei yake kwa gigabaiti, na salio lisilotumika liruhusiwe kuhamia kwenye bando linalofuata. Benki Kuu inaweza kutaka ada ya kutuma faranga 2,000 isizidi, kwa asilimia, ile ya kutuma 10,000. Hakuna kati ya hayo linalohitaji ruzuku ya serikali wala ruhusa ya Sony, na yote mawili yanaweza kuanza kwa tangazo la kurasa chache.