Niklosamidi: Kemikali ya Tegu na Konokono

Mafuriko ya Mto Rufiji yanapopungua, huacha madimbwi na mabwawa ya maji baridi, mengine mapana kama Ruwe na Zumbi. Humo wenyeji huvua perege, na humo pia watoto huoga. Katika maji yaliyotulia, yenye majani, aghalabu huishi konokono wa jenasi Bulinus, ambao baadhi yao hulea vimelea vya kichocho cha mkojo. Karibu na bahari, kwenye mikoko ya delta upande wa Kibiti, konokono hao hawawezi kuishi, kwa kuwa hawastahimili chumvi.

Ipo kemikali iwezayo kuwaua. Nayo ni niklosamidi, C13H8Cl2N2O4, iliyotengenezwa na kampuni ya Bayer ya Ujerumani katika miaka ya 1950. Kwa muda mrefu imetumika kuwatoa tegu katika matumbo ya watu na mbwa. Katika maabara huzuia hata ukuaji wa baadhi ya bakteria.

Siri yake imo ndani ya seli. Katika mitokondria, protoni husukumwa upande mmoja wa utando, mfano wa maji yaliyozuiwa na bwawa. Zinaporejea kupitia mlango wake maalumu, seli hujipatia nishati. Niklosamidi huzivusha protoni hizo kwa njia ya panya. Chakula huendelea kuchomwa, lakini nishati yote hupotea kuwa joto. Tegu hulegea na kuuachia utumbo.

Kwa nini basi mbwa hadhuriki? Kemikali hii huyeyuka kwa shida katika maji, na ni sehemu ndogo tu ipenyayo ukuta wa utumbo wake. Samaki hana ngao hiyo. Damu yake hupita kwenye matamvua, ikitengwa na maji kwa utando mwembamba mno. Gramu 1 katika lita 1,000 za maji huua konokono. Kiasi hicho, hata pungufu, huua samaki pia. Kuimwaga katika bwawa la perege ni kumwondolea mvuvi kitoweo pamoja na konokono.

Zanzibar iliijaribu kwa uangalifu mkubwa. Kati ya mwaka 2012 na 2017, katika utafiti uliohusu shehia 90 za Unguja na Pemba, baadhi ya shehia zilinyunyiziwa niklosamidi madimbwini, juu ya vidonge vya prazikwanteli walivyopewa wakazi. Kichocho kilipungua, lakini kilipungua pia pale palipotolewa vidonge peke yake, na hakikutokomezwa. Mwanga wa jua huivunja niklosamidi, na konokono wachache wanaosalia huzaana upya.

Prazikwanteli, ambayo kwa mbwa nayo imechukua nafasi ya niklosamidi mahali pengi, humfuata kimelea ndani ya mwili wa mgonjwa, wala haihitaji kumwagwa majini. Hata hivyo haimkingi mtoto asiambukizwe tena kesho yake akirudi kuoga bwawani.