Bandari Iliyoelea, Bandari Iliyozama: Mabaki ya Mulberry na Istilahi za Kiswahili

Utangulizi

Mnamo Juni 1944, Uingereza na Marekani zilivusha bandari mbili baharini zikiwa vipande vipande, kisha zikaziunganisha katika pwani ya Normandy, Ufaransa. Jina lao la siri lilikuwa Mulberry. Mtu anayetaka kuzitaja kwa Kiswahili huweza kusema "bandari zinazoelea". Makala haya yanaonyesha kwamba jina hilo limebeba nusu tu ya ukweli, na kwamba mabaki yaliyopo leo ni ushahidi wa nusu ya pili.

Tatizo la maji kujaa na kupwa

Shambulio la Dieppe la tarehe 19 Agosti 1942 lilidhihirisha kwamba kuteka bandari yenye ulinzi ni ghali mno: kati ya wanajeshi wapatao 6,000, zaidi ya nusu waliuawa, walijeruhiwa au walitekwa. Ililazimu basi jeshi lijichukulie bandari yake.

Kikwazo kikubwa kilikuwa mwendo wa maji. Mwanafunzi wa Korbesa, katika kaunti ya Isiolo, anaufahamu mto Ewaso Nyiro, ambao hufurika kwa majira na kuishia katika kinamasi cha Lorian bila kufika baharini. Bahari ina desturi nyingine: hujaa na kupwa takriban mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, tofauti hiyo hukaribia meta 4 huko Mombasa. Normandy huzidi meta 6. Gati lisilosogea lingekuwa sawa na meli kwa muda mfupi tu, kisha lingekuwa juu mno au chini mno.

Sehemu mbili za ujenzi

Suluhisho lilikuwa na sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ilielea. Magati yalikuwa majukwaa ya chuma yenye miguu minne iliyokita sakafuni mwa bahari. Jukwaa lilipanda na kushuka kwenye miguu hiyo kwa kufuata maji. Kutoka hapo hadi ufukweni yalitandazwa madaraja yaliyobebwa na maboya.

Sehemu ya pili ilizamishwa kwa makusudi. Makasha ya zege yaliyoitwa Phoenix, makubwa zaidi yakiwa na uzito wa tani 6,000 hivi na urefu wa meta 60, yalikokotwa kutoka Uingereza, yakajazwa maji na kukaa chini kama ukuta wa kuvunja mawimbi. Meli kuukuu nazo zilizamishwa kwa kazi hiyohiyo. Bila ukuta huo, sehemu iliyoelea isingedumu.

Dhoruba ya tarehe 19 hadi 22 Juni 1944 ilithibitisha jambo hilo. Bandari ya Wamarekani, mbele ya Saint-Laurent, iliharibiwa kiasi cha kuachwa. Ile ya Waingereza, Arromanches, ilinusurika, ikakarabatiwa na kuendelea kupokea shehena kwa miezi kadhaa.

Kilichobaki

Baada ya vita, vipande vingi vya madaraja viling'olewa na kutumiwa kwingineko. Leo, maji yanapokupwa Arromanches, kinachoonekana zaidi ni makasha yaliyozamishwa, pamoja na maboya machache ya zege yaliyokwama mchangani. Makasha mengine mawili yamesimama katika bandari ya Portland, kusini mwa Uingereza. Huko Ouwerkerk, Uholanzi, makasha manne yalitumiwa kuziba ufa wa mwisho wa kingo za bahari mnamo Novemba 1953, baada ya mafuriko ya Februari mwaka huo. Sasa ni jumba la makumbusho ya mafuriko hayo. Yale ya Arromanches hayana hifadhi ya paa: kila majira ya dhoruba bahari huyamega.

Mfano wa Dar es Salaam na suala la istilahi

Pwani ya Waswahili ina kisa kinachokaribiana na hiki. Mnamo Agosti 1914, Wajerumani walizamisha katika mlango wa bandari ya Dar es Salaam chombo cha kuelea kilichotumika kuinulia meli zinazotengenezwa, ili meli za kivita za Waingereza zisiingie. Huko, kuzamisha kulikusudiwa kufunga bandari. Normandy, miaka 30 baadaye, kulizaa bandari.

Chombo kama hicho huweza kuitwa gudi la kuelea. Neno chelezo nalo linatokana na kitenzi elea, na hutumiwa kwa boya na pia kwa mahali pa kutengenezea meli. Kwa hiyo chelezo linafaa kwa vibeba-daraja vya Mulberry, lakini haliwezi kubeba makasha ya Phoenix. Hayo yanahitaji jina la kazi yao: kivunja-mawimbi.

Hitimisho

Istilahi hupotosha inapotaja sehemu inayovutia na kuiacha inayobeba mzigo. Mulberry ilikuwa bandari ya kuunganishwa, yenye magati ya kuelea ndani ya ukuta uliozamishwa. Mwanafunzi akiitaja hivyo, ataelewa kwa nini kilichoelea kwa sehemu kubwa kimetoweka, na kilichozamishwa bado kinaonekana.