Mwalimu Gani Anastahili Sifa kwa Masomo ya Intaneti?

Tarehe 18 Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, Rais wa Jamhuri aliagiza shule na vyuo vyote vifungwe. Tarehe 22 Mei 2021 volkano Nyiragongo ililipuka, na siku chache baadaye sehemu kubwa ya mji wa Goma iliamriwa kuhama. Mwezi Januari 2025 M23 iliuteka mji. Kila mara mwalimu na mwanafunzi walitengana. Kwa hiyo masomo ya intaneti si anasa kwetu. Kwa katekista wa Masisi au wa Walikale, mara nyingine ndiyo mlango pekee uliobaki wazi.

Basi tuulize: mwalimu aliyeyapanga vema masomo hayo tutamjua namna gani? Methali husema: Chema chajiuza. Lakini hapa haisemi kweli yote. Mpango mwema wa somo ni kama msingi wa nyumba: hakuna anayeusifu, ila wote wanalalamika siku kuta zinapopasuka. Twamsifu upesi mwenye video nyingi na sauti tamu, tena twamsahau yule aliyekesha akipanga hatua kwa hatua.

Mwaka 2003, huko Marekani, walimu wa vyuo vya jimbo la Maryland walianzisha kazi iitwayo Quality Matters, ili kuyapima masomo ya namna hii. Tuangalie mambo matatu katika desturi yao. Kwanza, wanaopima ni walimu wenzake, watu watatu. Pili, kinachopimwa ni mpango wa somo, wala si ufasaha wa mwalimu. Tatu, somo likipungukiwa halitupwi: mwalimu anaonyeshwa pa kusahihisha, naye akisha kusahihisha, linatazamwa tena.

Wanatafuta nini zaidi? Wanatafuta upatano. Maana yake, lengo, mafundisho, mazoezi na mtihani vishikane mikono. Tutoe mfano. Mwalimu anaandika: mwisho wa somo, katekista ataweza kuwatayarisha wazazi kwa ubatizo wa mtoto wao. Lengo ni jema. Lakini akimpa kurasa hamsini za historia, na mtihani ukiuliza miaka na majina ya Mapapa tu, hakuna upatano. Afadhali katekista aende kwa jamaa moja, azungumze na wazazi, aandike alivyofanya, na mwalimu amjibu. Hapo mtihani unapima kile kilichoahidiwa.

Kwetu Goma tuongeze kipimo kingine: mega. Somo linalodai video ya saa nzima linamfungia mlango asiye na fedha ya kununua mega. Somo jema lina maandishi mepesi, sauti fupi, na muda wa kungoja umeme urudi.

Shida hii ya kumfikiri msikilizaji si mpya katika Eklezia. Karibu mwaka 400, shemasi Deogratias wa Kartago alimlalamikia Mtakatifu Augustino kwamba mafundisho yake yanachosha. Augustino akamwandikia kitabu, De catechizandis rudibus. Ndani yake aliweka mifano miwili ya fundisho, mmoja mrefu na mmoja mfupi, tena akashauri msikilizaji aliyechoka apewe kiti. Leo kiti hicho ni faili ndogo, inayopokelewa hata rezo ikiwa dhaifu.

Tufanye nini basi? Kila seminari na kila ofisi ya katekesi yaweza kuchagua walimu watatu, pamoja na mwanafunzi mmoja wa mbali. Walipitie somo zima kwa simu ya bei ndogo, si kwa kompyuta ya ofisi. Wakiliona jema, waseme wazi kwa sababu gani, ili wengine waige. Sifa isiyo na sababu haimfundishi mtu.

Pengine mtasema: sifa hizo hazitazaa kiburi? Hatari ipo, ndiyo maana tunapima kazi, wala si mtu. Lakini kunyamaza kuna hatari kubwa zaidi. Katekista akikutana na somo lililopangwa vibaya, hasemi kwamba mwalimu amekosa. Anadhani yeye mwenyewe ni mjinga. Anaacha kimya, anarudi kwa kazi yake, na hakuna anayejua.

Mchungaji wa Injili alijua kwamba mmoja amepotea, kwa sababu aliwahesabu wote mia. Mwalimu wa intaneti haoni nyuso. Basi naye ahesabu: wangapi walianza, na wangapi walifika mwisho? Kisha awatafute waliobaki njiani, awaulize ni mahali gani pa somo pamewaangusha, na apatengeneze. Mwalimu anayefanya hivyo, huyo ndiye tumsifu.