Kimbunga Idai: Upepo Ulipita, Maji Yakaja Baadaye

Msikilizaji, kila Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) inapotangaza kimbunga Bahari ya Hindi, swali linaloingia studio ni lile lile: upepo utakuwa na kasi gani? Ni swali la haki. Lakini kwa yaliyowakuta majirani zetu wa Msumbiji mwaka 2019, ningeuliza kwanza habari za maji.

Idai kilianza mapema Machi kama mgandamizo mdogo wa hewa. Kikaingia nchi kavu, kikamwaga mvua kubwa Msumbiji na Malawi, mito ikajaa. Kisha kikarudi baharini, na huko ndiko kilikopata nguvu. Kimbunga hulishwa na bahari yenye joto, kuanzia nyuzi 26 au 27 hivi. Maji hugeuka mvuke, mvuke hupanda, ukipoa huko juu huachia joto, na joto hilo huvuta hewa nyingine kutoka pembeni. Kwa kuwa dunia inazunguka, hewa hiyo nayo huja ikizunguka. Karibu na Ikweta mzunguko huo ni hafifu, ndiyo maana Tanzania vimbunga si vya kila mwaka. Lakini si kwamba hatuguswi: Lindi walipigwa mwaka 1952, na Hidaya kilifika Mafia Mei 2024.

Usiku wa kuamkia Machi 15, Idai kilipiga Beira, mji wa bandari ulio kwenye tambarare ya chini kabisa. Mabati yaling'oka, umeme na simu vikakatika, bahari ikasukumwa hadi mitaani. Kulipokucha ungedhani yamekwisha. Kumbe mvua ilikuwa inaendelea bara, hadi Chimanimani nchini Zimbabwe, ambako mawe na matope yalishuka mlimani yakafukia nyumba. Siku zilizofuata mito Buzi na Pungwe, iliyokuwa tayari imeshiba mvua ya mwanzo, ilifurika ikafunika vijiji. Ukiangalia kutoka angani ni kama bahari ya pili. Watu walikaa juu ya mapaa na miti siku kadhaa wakisubiri boti na helikopta. Katika nchi hizo tatu walikufa zaidi ya 1,000, Msumbiji peke yake zaidi ya 600.

Na ilikuwa Machi, mahindi yanakaribia kuvunwa. Zaidi ya hekta 700,000 za mazao ziliharibika. Mkulima hahitaji kuelezwa maana yake: chakula cha mwaka kimekwenda, na mbegu ya msimu ujao pia.

Misaada ilitoka nchi nyingi, Tanzania ikipeleka chakula na dawa. Kwangu mimi kazi iliyofanyika vizuri kuliko zote ni ya kipindupindu. Kililipuka kabla Machi haijaisha. Mapema Aprili chanjo ya kunywa, dozi karibu 900,000, ikaanza kutolewa. Waliougua walikuwa maelfu, waliokufa hawakufika 10.

Wiki sita baada ya Idai, Aprili 25, kikaja Kenneth na kupiga Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma. Mtwara wakazi wa pwani na mabondeni walitakiwa kuhamia sehemu za juu.

Kwa hiyo wewe unayelima bonde la Ruvuma au Rufiji, upepo ukishatulia usirudi shambani siku hiyo hiyo. Piga simu kwa ndugu aliye juu ya mto, muulize mvua imenyesha kiasi gani huko na mto umefika wapi. Maji hayo huchukua siku kadhaa kukufikia.